Hii gari yetu na macho yake ya nyuma

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kuhusu gari ya jumuiya



Kuna swali linalorudi katika kila mkutano. Hii gari ya familia tuliyopewa, kwa nini ile taa ya onyo kwenye vioo inatusumbua, na kwa nini hatutoi pesa ya sanduku tuitengeneze? Tutajibu wazi, juu ile pesa ni ya wote.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Shofere akikaa pale mbele, kuna upande asiouona katika kioo cha ndani wala katika vioo vya pembeni. Kwa gari ndefu ya safu tatu za viti kama yetu, upande ule ni mkubwa. Ndiyo maana watengenezaji waliweka sensa mbili nyuma ya bampa, moja kila kona. Zinatuma mawimbi ya rada. Mawimbi yakigonga gari inayokuja pembeni, taa ndogo inawaka kwenye kioo cha upande ule.

Hatusemi ni kitu cha bure. Huko Marekani, taasisi ya bima inayochunguza ajali za barabarani ilionyesha mwaka 2017 kwamba magari yenye sensa hizo yalipata ajali za kubadili njia pungufu kwa asilimia 14. Lakini zile ni barabara za lami, zenye mistari, na kila gari inakaa kwenye mstari wake.

Sasa tuje kwetu. Kutoka Uvira mpaka Baraka, ukipita Makobola, Swima na Mboko, mstari uko wapi? Kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni matope mpaka juu ya bampa. Matope mazito yakifunika ile kona, rada haioni vizuri. Kitabu cha gari kinasema hivyo hivyo. Kinasema pia kwamba sensa inaweza kukosa kuona pikipiki. Tena mifumo mingi haifanyi kazi gari ikienda pole pole: nyingine zinaanza kwenye kilomita 16 kwa saa, nyingine zaidi ya 30. Kwenye mashimo yetu, ni mara ngapi tunafika 30?

Mafundi walifungua bampa mara mbili. Mara ya kwanza waliosha na kukausha, taa ikarudi kwa siku chache. Mara ya pili walikuta soketi ya waya ya upande wa kuume imeliwa na kutu. Hii gari ilitoka Kanada, na kule wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi ile inaingia chini ya gari na kula vyuma na waya. Tena bampa yenyewe ilishapigwa puti na rangi mpya kabla haijatufikia, na rangi ikiwa nene inazuia mawimbi.

Kununua sensa mpya si kama kununua balbu. Ukiifunga, inatakiwa mashine ya kompyuta iitambulishe kwa gari na kuipima upya. Sensa ya mtumba inaweza kukataliwa na gari kabisa. Na soketi ikibaki na kutu, pesa imekwenda bure.

Lakini shida kubwa si bei. Taa iliyokufa kabisa, shofere anajua haipo. Taa inayosema kweli asubuhi na uongo jioni ndiyo hatari. Inawaka juu ya nyasi za pembeni, inawaka juu ya ukuta, shofere anaizoea, haiangalii tena. Halafu siku inanyamaza, anafikiri njia iko wazi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunarudisha wamama kutoka hospitali, tumesimama kidogo kando ya soko la Mboko. Shofere alitaka kutoka. Kioo cha kuume hakikuwaka kitu. Aligeuza kichwa, akamuona motari anapenya upande wa kuume, amebeba mama na mtoto mgongoni. Shofere akatulia, motari akapita. Kilichowaokoa ni shingo ya shofere.

Jambo lingine linatuhusu sisi tuliorudi. Wengi wetu walijifunza kuendesha Tanzania, wakati wa kambi. Kule gari inapita kushoto na usukani uko kuume. Hapa Kongo tunapita kuume, na hii gari usukani wake uko kushoto. Kwa hiyo upande ulio mbali na macho ya shofere ni wa kuume, kule abiria wanashukia na motari wanapenya. Aliyezoea Kigoma, shingo yake bado inageukia upande wa zamani. Hilo hakuna sensa itakayolitengeneza.

Basi kamati imekubaliana hivi. Mfumo ule tumeuzima kwa kidude chake, usidanganye mtu tena. Tumebandika vioo viwili vidogo vya duara, vile vilivyotuna, kwenye vioo vya pembeni. Mizigo haitapangwa tena mpaka kufunika vioo vya nyuma. Konvuayeri atashuka kuangalia kila gari ikitoka sokoni, shuleni na hospitalini. Na kila shofere mpya atafundishwa siku nzima na gari tupu kabla ya kubeba watu.

Pesa ya sanduku inabaki kwa kazi yake: wagonjwa, misiba, na minerval ya watoto.

Kwenu rafiki zetu mnaochanga: tunashukuru kwa hii gari, imebeba watu wengi. Mkiuliza gari inahitaji nini, jibu letu ni matairi, breki na springi za nyuma. Na siku mtakapofikiria gari nyingine, mtuulize kwanza. Gari yenye vitu vichache, ambayo fundi wa Uvira anaweza kuifungua na kuifunga jioni ile ile, inatufaa kuliko gari yenye akili nyingi isiyo na wa kuitibu.

Na ninyi abiria, wandugu zetu: shofere akichelewa kuondoka, msipige kelele “twende, twende”. Mwachieni nafasi ageuze kichwa pande zote mbili. Anayekaa dirishani upande wa kuume, akiona pikipiki, aseme kwa sauti.