Makemba kwenye Shamba la Kuazima

Leo hapa Makiso tutazungumza juu ya makemba. Mtu atauliza: makemba na amani, wapi na wapi?

Mapigano kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola, ambayo mwaka 2023 yalisukuma maelfu ya watu kuingia mjini Kisangani, yalihusu ardhi. Waliohama wengi ni wakulima. Wengine wamepata kipande cha shamba cha kuazima, na hapo ndipo maneno mapya yanapoanza. Mwenye shamba anasema: "Panda muhogo, panda karanga, lakini makemba usipande." Mgeni anaona amedharauliwa. Kumbe mwenyeji ana hofu yake. Kwa desturi yetu mgomba, mchikichi na kakao ni alama ya mwenyewe. Kesho mtoto wa mgeni atasema: "Shamba hili ni la mama, tazameni migomba yake."

Mimi ni mwanasheria, na siku za kwanza nilijibu kwa haraka. Nilisema: sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema udongo ni mali ya Serikali, basi mnagombania nini? Mzee mmoja akanitazama, akauliza: "Mwanangu, Serikali inalima wapi?" Watu wakacheka, nami nikanyamaza. Alikuwa na haki. Kifungu cha 389 cha sheria hiyo hiyo kiliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi yao zitapangwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo. Tena Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kwa hiyo msimdharau mwenyeji anapotetea shamba la babu yake.

Lakini kumkataza mgeni kabisa kuna hasara. Makemba hayapandwi kwa mbegu ya kuweka mfukoni. Yanapandwa kwa chipukizi. Kijiji kikihama, pori likafunika migomba, aina fulani inaweza kupotea pamoja na jina lake. Pale Yangambi, karibu kilomita 100 kutoka hapa tukifuata mto, ndiko ilikotoka ndizi inayoitwa Yangambi Km 5, ambayo wataalamu wa nchi nyingi wanaijua kwa kuvumilia ugonjwa wa majani meusi. Hazina ya namna hiyo iko mikononi mwa mama zetu, si kwenye vituo vya utafiti tu.

Na udongo? Mara nyingi mgeni anapewa shamba lililochoka, na pesa ya mbolea ya dukani hana. Analisha udongo kwa maganda, majivu, mavi ya kuku na majani yaliyooza. Haunguzi takataka za shamba, anazitandaza chini ya migomba. Anachanganya karanga na kunde. Baada ya misimu michache shamba linapona, na hapo mwenyewe anakuja: "Nirudishie." Nimeona jambo hili likivunja urafiki wa nyumba mbili zilizokula sahani moja.

Basi andikeni mapatano kabla ya kushika jembe. Andikeni mipaka kwa mto na kwa miti inayojulikana. Andikeni muda, na usiwe chini ya miaka miwili, kwa sababu makemba yanangoja mwaka au zaidi kabla ya mkungu wa kwanza. Andikeni wazi kwamba migomba ni ya aliyepanda, ardhi ni ya aliyeazimisha, na kwamba mgomba hautakuwa ushahidi wa kudai ardhi. Andikeni pia machipukizi mangapi mgeni atachukua siku ya kurudi kwao, na mangapi atamwachia mwenyeji.

Neno moja kwa wanaogawana machipukizi: mgomba ambao majani yake yamesimama juu kama kifungu, membamba na mafupi, ni mgonjwa. Ugonjwa huo hauna dawa, na unasafiri kwa chipukizi na kwa wadudu wadogo. Ung'oeni na mizizi yake yote, msimpe mtu.

Nakala ziwe tatu: ya mgeni, ya mwenyeji, ya shefu. Asiyejua kuandika atie kidole. Na mama wa nyumba zote mbili wawepo, maana ndio wanaolima.