Kuwatembelea Wahitaji Nyumbani Kwao
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama, Voi)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya kazi ya kuwatembelea wahitaji. Wako miongoni mwetu watakao kazi hiyo ikomeshwe, na wahitaji waje wenyewe kanisani kupokea unga mara moja kwa mwezi. Hoja yao si ya kudharauliwa: njia ya Sagalla ni ya kupanda, jua la Voi mwalijua, na wengi wetu ni watumishi wa watu.

Desturi hii hatukuibuni sisi. Tarehe 23 Aprili 1833 vijana wachache wa chuo kikuu walikutana mjini Paris katika ofisi ya gazeti la Bwana Emmanuel Bailly. Mmoja wao, Frédéric Ozanam, alitimiza miaka 20 siku ile ile. Hawakuwa wazoefu wa kazi hiyo. Aliyewaongoza ni mtawa, Sista Rosalie Rendu, aliyewajua maskini wa mtaa wake na kuwapa vijana wale vyeti vya mkate. Ndipo kilipotoka Chama cha Mtakatifu Visenti wa Paulo, ambacho wanachama wake huenda wawili wawili. Angalieni, vyeti vile vingeweza kugawiwa mlangoni kwa Sista. Vijana walivipeleka wenyewe majumbani.

Sasa niungame kosa langu. Ziara yangu ya kwanza nilikwenda na daftari. Mimi ni karani, na karani asiye na daftari hujiona yu uchi. Tulimkuta mama mkongwe chini ya mlima Sagalla. Nikamwuliza jina, umri, watoto ni wangapi, shamba ni la nani. Kila jibu nikaliandika. Nilipomwuliza haja yake, akasema hana haja ya kitu. Hilo nalo nikaliandika, tukaacha pakiti mbili za unga, tukaondoka.

Mwenzangu, fundi wa reli aliyenizidi umri, alirudi juma la pili pamoja na mkewe. Wakaketi, wakazungumza habari za mvua. Unga ulikuwa pale pale, haujafunguliwa. Kilichokosekana ni kuni. Ndovu wa Tsavo walikuwa wakipita katika korongo aokotamo kuni, naye hakuthubutu kwenda peke yake. Na mbona hakuniambia mimi? Alinidhania mtu wa kuandikisha mashamba.

Kama tungalimwita mama yule kanisani, angalirudi kwake na pakiti ya tatu, akaiweka juu ya zile mbili. Wala sijawataja wasioweza kutembea kabisa.

Basi naomba ziara ziendelee, ila madaftari yabaki ofisini, tuandike tukisharudi. Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Mwenzangu amehamishiwa Mombasa, nami natafuta mtu wa kufuatana naye. Awe na panga kali.