Mtoto Asifanywe Shahidi wa Ugomvi Wetu
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Wundanyi)



Leo tuzungumze juu ya wazazi walioachana na kugombania mtoto hadi kortini. Katika kesi kama hizo hakimu anaweza kumwagiza afisa wa watoto atembelee nyumba zote mbili na kuandika ripoti. Mara nyingine sisi wa ustawi wa jamii tunaombwa kuzungumza na familia. Hapo ndipo watu wanaanza kuogopa, na wengine kudanganya.

Tuliwahi kufika nyumba moja tukakuta kuku amechinjwa na mtoto wa miaka saba amevalishwa nguo ya Krismasi. Kabla hatujauliza lolote akasema, "Nataka kukaa na baba, mama hanijali." Maneno ya mtu mzima hayo! Tukamwuliza, "Ukishikwa na homa usiku, unamwita nani?" Akamtazama baba yake, akaanza kulia. Kosa lilikuwa letu pia, kwani tulimwuliza mbele ya mzazi. Siku hizi mtoto tunazungumza naye kando, pole pole, akiwa anacheza.

Je, ripoti inatafuta nini? Haitafuti nyumba kubwa, wala kuku. Inataka kujua ni nani anayempikia, anayempeleka zahanati na kumfuatilia shuleni. Analala wapi? Kuna kupigana au ulevi nyumbani? Atatenganishwa na ndugu zake? Na mwenyewe anasema nini, kwa kadiri ya umri wake? Ripoti inamsaidia hakimu. Uamuzi ni wake.

Wengine husema aliyetoa mahari ndiye mwenye mtoto. Sheria haisemi hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, inafuata njia hiyo hiyo. Tena wazazi wakielewana, wanaweza kuandikiana mapatano ya malezi.

Basi kikundi kifanye nini? Kwanza, jirani akiulizwa aseme aliyoyaona, si aliyoyasikia kisimani. Usimpake mtu matope kwa sababu hajalipa mkopo wa kikundi. Pili, msimfundishe mtoto la kusema, wala msimfiche kwa shangazi Voi ili afisa asimkute. Tatu, mzazi asiyekaa na mtoto asinyimwe kumwona kwa hasira tu. Lakini kama kuna hatari, mwambieni afisa wazi wazi.

Sisi tunaopakana na Tsavo tunawajua ndovu. Wakipigana, hawaulizi nyasi ziko upande gani. Wazazi wanaweza kuuliza. Waulize mapema, kabla ya kufika kortini.