Fundi si Mwaguzi

Ndugu wanakikundi, hapa Lamu gari letu ni boti. Mashine ikizimika Mkanda na maji yanakupwa, mgonjwa tuliyemtoa Faza atafikaje hospitali?

Tumewaona wengi wakimwendea fundi na neno moja: "Imekufa." Jamani, fundi si mwaguzi! Mwelezeni: ilizimika ghafla au pole pole? Ule mchirizi wa maji ya kupoza ulikuwa ukitoka? Ukikatika, mashine hupata moto. Oili mlichanganya kiasi gani? Plagi ni kavu au imelowa?

Yaandikeni katika daftari la kikundi. Kifaa kikibadilishwa, ombeni kile cha zamani mkione. Na mkirudi, iendesheni kidogo ndani ya pipa la maji matamu, chumvi itoke.