Mpiga Saksofoni na Sindano

Wekeni kalamu chini kwanza. Leo mtasikiliza kabla ya kuandika.

Watu wengi husema ya kwamba muziki wa dansi na dawa za kulevya ni mtu na nduguye. Mzazi akisikia kijana wake ataka kuingia katika bendi, halali. Je, hofu hiyo ina sababu? Nitawasimulia habari za watu wawili wa Marekani, wote wapigaji wa saksofoni. Saksofoni ni chombo cha shaba cha kupuliza, kimepinda kama kiko cha tumbako.

Wa kwanza ni Charlie Parker, aliyezaliwa mwaka 1920. Huyu aligeuza muziki wa jazi. Naye alikuwa mtumwa wa heroini, ule unga ambao watu hujidunga kwa sindano. Vijana walimsikia akipiga kwa namna isiyopata kusikiwa, wakasikia na habari za sindano, wakasema: kumbe siri ndiyo hii! Wengi wakaanza kujidunga.

Siri haikuwa hiyo. Mwaka 1954 Parker alieleza mwenyewe katika redio ya kwamba ujanani alijizoeza kwa muda wa saa 11 mpaka 15 kila siku, miaka 3 au 4, hata majirani wakataka mama yake ahame. Saa 15, ndugu zangu! Lakini kazi hiyo ilifanyika nyumbani, na vijana wa vilabuni hawakuiona. Walichokiona ni sindano. Na unga ulimharibia hata muziki wenyewe: Julai 1946, huko Los Angeles, alikwenda kurekodi akiwa mgonjwa, akapiga vibaya, kisha akalazwa hospitali karibu miezi 6.

Wa pili ni Sonny Rollins, aliyezaliwa mwaka 1930. Alimpenda Parker, akamfuata mpaka katika unga. Mwaka 1953 walikutana katika kazi ya kurekodi. Parker akamwuliza kama ameacha. Rollins akasema ndiyo, naye alikuwa anatumia. Mwenzao mmoja akaropoka ukweli. Rollins alisimulia baadaye jinsi alivyouona uso wa Parker ukibadilika kwa huzuni. Hapo ndipo alipoazimia kuacha.

Mwaka 1955 akaingia hospitali ya Lexington, Kentucky, kutibiwa. Alitumaini akitoka amwendee Parker, amwambie: safari hii ni kweli. Hakuwahi. Parker alikufa tarehe 12 Machi 1955, umri wake miaka 34. Daktari aliyetazama mwili alidhani ni mtu wa miaka zaidi ya 50.

Rollins alikaa Chicago akifanya kazi ya kufagia na kusafisha. Aliogopa vilabu. Hakuogopa muziki, maana kujizoeza hakuacha. Aliogopa watu wa unga waliomngoja pale pale penye muziki. Mwisho wa mwaka huo akaingia katika bendi ya Max Roach na Clifford Brown. Brown alipiga tarumbeta kwa ufundi mkubwa, wala hakugusa unga. Rollins akajionea.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: chombo, sindano, jirani, uso. Kisha zungumzeni darasani: yule mzazi asiyelala, amwulize kijana wake maswali gani juu ya bendi ile?