Ekra imekufa, garanti iko wapi?

Wandugu wa Makiso, wa Mangobo, wa Lubunga!

Tulinunua ekra ya ordinatere kwa duka moja hapa mjini, garanti miezi 6. Wiki ya tatu ikaanza kutoa mistari, kisha ikazima. Muuzaji anasema: "Ni delestaje ya kwenu ndiyo imeiunguza." Tukaifunga kwa ordinatere yake mwenyewe, na kable yake, mbele ya macho yake. Mistari ile ile! Akanyamaza.

Sheria yetu ya mikataba, dekere ya tarehe 30 julai 1888 (ndiyo, ya wakati wa Leopold, na ingali inatumika), inasema muuzaji anajibu kwa kosa lililofichama ndani ya kitu alichouza. Mnunuzi anachagua: kukirudisha apewe pesa yake, ao kubaki nacho arudishiwe sehemu ya bei. Lakini usikawie, sheria inataka ujitokeze upesi.

Sisi tulikosea kitu moja: numero ya seri haikuandikwa kwenye fakitire. Muuzaji anashikilia hapo hapo. "Nitajuaje ni ile yangu?" Kesho saa tatu asubuhi tunarudi kule na barua. Anayetaka kutusindikiza, karibu.