Ladu ya Mzazi: Vyakula vya Asili vya Kihindi na Afya ya Mlaji



Katika nyumba nyingi za Wagujarati, magharibi mwa India, mwanamke anapokaribia kujifungua wazee wa kike huanza kukusanya vitu mapema: samli, sukari nguru, unga wa ngano wa chengachenga, tangawizi kavu, lozi, uwatu, na gundi inayoliwa, ile inayotoka kwenye miti ya jamii ya migunga. Mtoto akishazaliwa, sufuria huwekwa motoni. Gundi hukaangwa kwa samli mpaka ikavimba kama bisi, kisha hupondwa. Unga nao hukaangwa kwa moto mdogo mpaka unukie. Vyote huchanganywa na sukari nguru iliyoyeyushwa, vikafinyangwa madonge madogo yanayoenea kiganjani. Hiyo ndiyo ladu ya mzazi. Hula moja asubuhi na maziwa ya moto, kwa muda wa siku arobaini hivi. Watu wa Pwani wanaijua arobaini ya mzazi, na neno ladu lenyewe limo katika Kiswahili tangu zamani.

Inafaa kuitazama ladu hiyo kwa jicho la kliniki. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada chenye nguvu ya kalori 500 hivi kila siku. Wakati huohuo amechoka, halali usiku, na mara nyingi hana hamu ya sahani kubwa. Donge moja lenye samli, unga na lozi humpa sehemu ya nguvu hiyo kwa matonge machache. Waliobuni chakula hicho hawakuwa na mizani ya kalori, lakini walijua ni cha nani, ni cha wakati gani, na kinaliwa kiasi gani. Hapo kwenye kiasi ndipo mambo yalipoharibika baadaye.

Lakini kabla ya peremende, chakula cha kila siku. Nchini India chakula anachopewa mgonjwa, mzee asiye na meno na mtoto anayeanza kula ni kile kinachoitwa khichdi: mchele na pojo, yaani ndengu, vikipikwa pamoja mpaka vikalainika kama uji mzito, kwa manjano, chumvi kidogo na samli juu. Ni chakula cha bei nafuu, na kimekamilika kuliko kinavyoonekana. Protini ya mchele ina upungufu wa kijenzi kimoja kiitwacho lisini, na jamii ya kunde ina kingi; kunde nazo zina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Ndiyo sababu mtu asiyekula nyama maisha yake yote, na wako wengi sana India, anaweza kuwa na mwili imara.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuanza chakula hicho, kikiwa kimepondwa na kuwa kizito kiasi cha kutomwagika kwenye kijiko. Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake. Jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa zipo familia za Kihindi, kama zilivyo familia za makabila mengine hapa Kenya, zenye desturi ya kumlambisha mtoto mchanga maji ya sukari nguru au asali. Nia ni njema, nayo ni baraka kwa mtoto. Hata hivyo asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu katika tumbo la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, sumu inayolegeza misuli mpaka ile ya kupumua. Bibi anaweza kumwombea mjukuu wake bila kumtilia kitu mdomoni.

Nafaka za zamani za India nazo zinastahili kutajwa. Karnataka, kusini mwa nchi, wakulima wamekula kwa vizazi sima ya wimbi, ikifinyangwa donge na kuchovywa kwenye mchuzi. Gujarat na Rajasthan hula mkate mwembamba wa mawele. Wimbi, mawele na mtama asili yake ni Afrika. Vilivuka bahari maelfu ya miaka iliyopita. Unga wa wimbi wa gramu 100 una zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini ya kujenga mifupa. Kuanzia miaka ya 1960 ngano na mchele vilipewa nguvu mashambani India, na nafaka hizi zikaitwa chakula cha maskini. Serikali ya India yenyewe ndiyo iliyopendekeza Umoja wa Mataifa uzitengee mwaka, nao ukawa 2023. Mama wa hapa anayemwona jirani yake akinunua wimbi sokoni hana haja ya kumwonea huruma.

Sasa peremende. Katikati ya Januari, wakati wa baridi, familia za India hutengeneza ladu za ufuta na sukari nguru kwa sikukuu ya Makar Sankranti na kupeana majirani. Mla kashata za ufuta wa Mombasa hatapata mgeni hapo. Peremende za namna hii zilikuwa za msimu, zililiwa na watu waliolima, waliotwanga na kutembea. Leo duka la peremende liko wazi mwaka mzima. Jalebi hukaangwa kisha huloweshwa katika shira ya sukari. Gulab jamun, madonge ya maziwa yaliyokaushwa motoni, hupita njia ileile. Mahali pa samli mara nyingi huwekwa mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, ambayo yanaweza kuwa na aina ya mafuta inayoziba mishipa ya moyo. India iliweka kikomo cha asilimia 2 cha mafuta hayo kuanzia 2022. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2023 ulikadiria kuwa watu milioni 101 nchini humo wanaishi na kisukari. Peremende si sababu ya pekee, ila haziwezi kuachwa nje ya hesabu.

Wapo wanaojitetea kwamba wao hutumia sukari nguru, si nyeupe. Sukari nguru ina ladha nzuri na chembe za madini, lakini sehemu yake kubwa ni sukari ileile, na hupandisha sukari ya damu vilevile. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, kama vijiko 12 vya chai, na ikiwezekana iwe nusu ya hiyo. Chai pekee inaweza kumaliza hesabu kabla ya saa sita. Wala sukari nguru haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu ambavyo mjamzito hupewa kliniki. Akitaka chakula kimsaidie, ale ndengu zilizokamuliwa ndimu, na chai aiache mpaka saa moja baada ya kula, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Uwatu nao unahitaji uangalifu. Mzazi kuula kidogo katika ladu au uji ni desturi ya Gujarat na ya Pwani pia. Mjamzito asiule kwa wingi, kwani unaweza kuchochea tumbo la uzazi. Na anayetumia dawa za kisukari amweleze daktari, maana uwatu hushusha sukari na dawa hushusha pia. Aliyepatwa na kisukari wakati wa mimba amwonyeshe mhudumu hiyo ladu kabla ya kuila, isipikwe kimyakimya na mama mkwe.

Chapati, sambusa na bajia zimekuwa chakula cha Wakenya wote, na ndengu kwa chapati ni mlo uliosafiri vizuri. Khichdi haikubahatika. Basi vipimo vyake ni hivi: vikombe viwili vya mchele kwa kimoja cha ndengu zilizoparazwa, maji vikombe vinane au tisa, kijiko cha chai cha manjano, chumvi, na karoti au mchicha uliokatwa ukitaka. Ndengu zilowekwe nusu saa. Sufuria ifunikwe na moto uwe mdogo mpaka punje zipondeke kwa mwiko.

Sufuria iko nyuma ya ukumbi, na vikombe vipo. Maswali yataanza na kina mama wenye watoto wachanga, ili warudi nyumbani mapema.